Usiache Sindano: Kijitabu cha Nyumba Yenye Mtoto wa Kisukari

Kinamhusu nani
Mama, baba, bibi, shangazi, dada wa kazi, na yeyote anayebaki na mtoto huyu nyumbani.

Dalili
Anakunywa maji hovyo. Anakojoa mno. Alikwisha acha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Anakula vizuri lakini anakonda. Usingoje dalili zote zitimie.

Akianza kutapika, kulalamika tumbo, kuhema kwa nguvu, pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, usingoje kupambazuke. Tunaletewa watoto waliokwisha maliza dozi ya malaria, na wengine waliokwisha kupungwa pepo. Apimwe malaria, sawa, ila semeni pia: "Mpimeni na sukari." Ni tone moja la damu kidoleni.

Kosa la nani?
Si la yeyote. Hakurogwa, wala si pipi zilizomletea.

Sindano
Usiache insulini. Mwili wa mtoto huyu hauitengenezi tena, na hakuna kidonge wala mzizi unaoshika nafasi yake. Anayetaka kuomba aombe, sindano ikiendelea.

Zamani kisukari cha namna hii kilikuwa hukumu ya kifo kwa mtoto. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyebaki mifupa, alichomwa insulini. Akaishi miaka mingine 13.

Leo dawa ipo, na bado tunawapokea wakiwa mahututi. Hadithi ni ileile: mtoto amenawiri, mtu mzima akasema amepona, sindano ikawekwa kando. Kunawiri kwenyewe ni kazi ya sindano! Miezi ya mwanzo dozi huweza kushuka; kliniki ndiyo ipunguze, si jirani.

Akiugua homa, au akikataa kula, usiache insulini. Ugonjwa hupandisha sukari hata kama tumbo ni tupu. Mpe maji, mpime mara kwa mara, muulize mhudumu wa kliniki dozi ya siku hiyo. Akitapika, mpeleke hospitali. Usiache insulini kwa kuwa hajala. Usiache insulini kwa kuwa anaonekana mzima.

Sukari ikishuka
Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, ukali usio na sababu. Mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale. Hapo sindano isubiri kidogo mpaka sukari irudi; kusubiri si kuacha. Akizimia usimnyweshe kitu chochote. Mlaze kiubavu, kimbieni hospitali.

Shuleni
Mwalimu ajue kuwa mtoto ana kisukari, na la kufanya sukari ikishuka.

Kuitunza dawa
Wasio na friji watumie vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, mahali penye kivuli. Wenye friji wasiiweke kwenye friza: iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Wiki 4 zikipita, chukua nyingine. Safarini isikae kwenye buti la basi wala juu ya dashibodi. Ibebe kwenye mkoba wako mwenyewe, pamoja na mabomba ya sindano ya kutosha siku za safari na siku mbili za ziada, maana mabasi huharibika njiani.