Kufundisha Habari za Kuhama katika Darasa Lenye Watoto wa Kuja

Miongoni mwa mada ambazo mwanachuo huziona nyepesi akiwa chuoni, na ambazo humgeukia akishasimama mbele ya darasa, ni ile ya asili ya watu wanaoizunguka shule. Hutakiwa kuwaeleza wanafunzi mila, desturi na historia ya mahali wanapoishi. Basi huandaa andalio la somo, huandika ubaoni "Watu wa Kijiji Chetu", kisha huuliza swali ambalo yamkini aliulizwa yeye mwenyewe utotoni: "Nani hapa ni mwenyeji, na nani ametoka mbali?"

Swali hilo nimepata kulitumia. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya Usukumani, darasa la nne. Mtoto mmoja wa wavuvi, ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia kutoka upande wa Mara, alisimama kwa utii. Nikamwuliza kwao ni wapi. Kabla hajajibu, sauti ikatoka nyuma: "Huyu ni wa kuja." Darasa likacheka; nami, nakiri, nilitabasamu nikaendelea na somo. Siku mbili zilizofuata mtoto yule hakuja shuleni. Katika safu ya tathmini nilikuwa nimeandika kwamba somo lilieleweka. Na kweli lilieleweka, ila si lile nililokusudia kulifundisha.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyepangiwa kazi Kalemela, katika mkoa wa Simiyu. Hapo ni nchi ya pamba na ng'ombe, na wengi wa wanafunzi wake watazungumza Kisukuma nyumbani. Lakini mkoa huu unapakana na Mara, na upande wa magharibi unaligusa Ziwa Victoria. Hivyo si ajabu kumkuta darasani Mjita, Mkurya au Mjaluo, na kwa upande wa Meatu, Mtaturu. Mwalimu akidhani kwamba ana kundi moja la wenyeji na wageni wachache wa kuelezwa, atakuwa amekosea tangu kwenye andalio.

Kwanza, jina lenyewe. Katika lugha za Wasukuma na Wanyamwezi, sukuma ni upande wa kaskazini, na dakama ni kusini. Kiya ni mashariki, na ng'weli ni magharibi. Kwa hiyo jina ambalo leo mtoto analitaja kwa fahari kama kabila lake lilianza kama jibu la swali la "upande gani?". Msukuma ni mtu wa kaskazini, kwa macho ya jirani yake aliye kusini. Jambo hili lafaa lifundishwe nje, si ubaoni. Watoe wanafunzi uwanjani, waelekee kiya jua linakochomoza, uwaulize sukuma iko wapi. Kisha uliza: mtu aliyesimama kule kaskazini zaidi, sisi atatuitaje? Ninyamaze hapo, kwa kuwa majibu ya watoto huwa mazuri kuliko yale tunayoyaandaa.

Pili, hata wale wanaohesabiwa kuwa wenyeji wana safari zao. Masimulizi ya koo nyingi za watemi husema kwamba wazee wao walitoka magharibi ya ziwa. Watemi walikoma kuwa sehemu ya utawala wa serikali mwaka 1963, lakini masimulizi hayo hayakukoma. Halafu kuna kuhama kwa karibuni zaidi. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947 uliwahimiza watu watoke sehemu zilizojaa watu na mifugo waende Geita na kwingineko. Katika miaka ya 1970 kaya nyingi zilihamishwa tena kwa operesheni ya vijiji. Na yuko aliyebadilishiwa mkoa akiwa amekaa kitako: mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zikatolewa Shinyanga, na Busega ikamegwa kutoka Magu, iliyokuwa ya Mwanza.

Lipo jambo la tatu, na hili ndilo ningependa mwanachuo alitilie mkazo. Waulize wanafunzi ni nani mwenye baba mdogo, shangazi au babu anayeishi Rukwa, Usangu, Kilombero au Lindi. Mikono mingi itainuka. Wasukuma wameenea kusini na ng'ombe wao kutafuta malisho na mashamba, na wengine waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, wakaswagwa pamoja na mifugo hadi Lindi. Sasa uliza kwa upole: huko waliko, wenyeji wanawaitaje? Yule aliyepaza sauti nyuma ya darasa ataanza kumfikiria binamu yake. Usimalizie wewe sentensi hiyo, mwachie.

Kuhusu njia ya kuendesha mazungumzo, sina budi kukumbusha kwamba Usukumani kuna shule ya zamani kuliko zetu, nayo ni shikome, moto wa jioni ambapo wazee na vijana hukaa wakasimuliana. Mwalimu anaweza kuigeuza kuwa mbinu: wanafunzi wakae duara chini ya mti, na mzee mmoja aalikwe. Lakini amtembelee mzee huyo siku moja kabla. Wazee wengine hupenda kuanza kwa kusema ukoo wao ndio uliofyeka msitu wa kwanza, na kwamba wengine wote walipewa ardhi kwa hisani. Huenda ni kweli. Ila mbele ya mtoto ambaye baba yake alipewa ardhi hiyo, ni maneno mazito. Mwombe aanze na safari ya babu zake: walipita wapi, walikula nini, walivukaje mito. Hapo hata michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani, huwa zana bora ya kufundishia, maana ni chakula kinachokaa muda mrefu bila kuharibika.

Swali la kuwauliza wanafunzi nalo ligeuzwe. Badala ya "Kwenu ni wapi?", uliza "Familia yenu ilipitia wapi hata ikafika hapa?" Liulize kwa wote, na wewe uwe wa kwanza kujibu. Mwalimu hupangiwa kazi mbali na kwao. Mara nyingi ndiye wa kuja kuliko watu wote darasani, na hakuna anayemcheka kwa sababu ana chaki mkononi.

Majina pia yasaidie. Mabula ni jina la mvua, Nzala ni njaa, Makoye ni matatizo, Milembe ni amani. Kila mwanafunzi akamwulize mzazi sababu ya jina lake, na yule mwenye jina la Kijita au Kijaluo aeleze lake kwa wakati uleule, si mwishoni kama nyongeza.

Wapo watakaojitetea kwamba kicheko kile kilikuwa utani tu. Utani ni urithi wa heshima. Ule wa Wasukuma na Wanyamwezi na makabila ya njiani hadi pwani ulikuzwa na misafara ya karne ya 19. Lakini mtani hujibu, tena ana haki ya kujibu. Mtoto mmoja mbele ya wenzake arobaini hana mtani.

Tahadhari moja ya mwisho inahusu uraia. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia nchini, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na tangu 2010 takriban 162,000 kati yao na wazao wao walikubaliwa kuwa raia. Watoto wa familia za namna hiyo wanaweza kuwa katika darasa lolote. Mwalimu asiulize vyeti wala asikisie kwa lafudhi. Kazi hiyo si yake.

Somo likiisha, safu ya tathmini isijazwe papo hapo. Andika kwanza majina ya waliokaa kimya. Kesho yake, wakati wa kusahihisha madaftari, pitia madawati yao mmoja mmoja, usome walichokiandika kuhusu njia waliyopitia, na kama ukurasa ni mtupu, uuache mtupu mpaka mtoto mwenyewe atakapotaka kuujaza.