Kumfundisha Mbwa wa Malishoni Asing'ate Watu



Kiangazi kinapokaza, wafugaji wa Turkana na Pokot huvuka mpaka na mifugo yao na kuingia Karamoja kutafuta maji na majani. Pamoja na ng'ombe, mbuzi na ngamia huja mbwa pia. Kisimani hukutana watu wa lugha mbalimbali: wachungaji, watoto waliotumwa maji, akina mama wenye madumu, na vijana wa boda boda. Hapo ndipo mbwa aliyezoea kumuuma ng'ombe mkaidi kisiginoni humkimbilia mtoto na kumbana mguu kwa meno.

Wengi hulichukulia jambo hilo kuwa dogo. Sisi polisi tunalitazama kwa uzito, kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa wa kichaa cha mbwa huweza kupenya hata katika mkwaruzo mdogo. Pili, mbwa hajui mpaka, lakini mwenye mtoto aliyeng'atwa anajua mbwa ni wa nani na ametoka upande gani. Kisigino cha mtoto mmoja chaweza kuzitenga jamii mbili zilizokuwa zikinywesha mifugo pamoja.

Kwa nini mbwa hung'ata visigino

Si kila mbwa wa aina hii ni mkali. Mababu wa mbwa walikuwa wawindaji: walimtazama mnyama, wakamnyemelea, wakamfukuza, kisha wakamuuma na kumuua. Katika mbwa wa kuswaga mifugo, binadamu alihifadhi sehemu ya kufukuza na kubana kwa meno, akaipunguza ile ya kuua. Hata mbwa wetu wa kienyeji, ambao kazi yao hasa ni kulinda zizi dhidi ya fisi na wezi, wengi wao wana silika hiyo, tena huizidisha wanaposifiwa kila wanapomrudisha ndama kundini.

Kwa hiyo kinachomwamsha mbwa ni mwendo. Mtoto anayekimbia, baiskeli inayoteremka na pikipiki inayopita kwa kasi, vyote machoni pake ni ndama aliyetoroka. Anafanya kazi yake, ila ameikosea mahali. Nalo kosa la namna hiyo huondolewa kwa mafunzo.

Hatua za mafunzo

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya kutimiza majuma manane, kwa kuwa katika michezo na ndugu zake ndipo anapojifunza kupima nguvu ya meno yake. Akishafika nyumbani, azoeshwe mapema kuona watu wa kila namna: wazee wenye fimbo, watoto, wageni. Tena asichezewe kwa kuachiwa mkono autafune. Akibana, mchezo ukome papo hapo, nawe umgeuzie mgongo kwa muda mfupi. Ataelewa kwamba meno yakigusa ngozi ya mtu, furaha hukatika.

Mbwa aliyekwisha kukomaa naye hufundishika, japo kwa subira zaidi. Chagueni maneno mawili, moja la kumwita na moja la kumzuia, kwa mfano «njoo» na «acha». Yawe ya lugha yoyote mnayosema nyumbani, mradi watu wote wa boma wayatumie hayo hayo. Mfundisheni kwanza mahali patulivu, akiwa amefungwa kamba ndefu. Mwite, akija, mpe kipande kidogo cha nyama au cha ugali, na umsifu. Rudieni kwa dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku.

Akishalizoea neno, mtu mzima atembee polepole kwa mbali, mbwa akiwa bado kambani. Mara mbwa anapomkazia macho na kuinamisha kichwa, kabla hajachomoka, tamka «acha», umwite, umtunze. Siku nyingine mtu huyo asogee karibu kidogo. Baadaye aende mbio. Hatimaye ije baiskeli. Asipoweza kutii, mmeharakisha: rudini hatua moja nyuma. Watoto wasitumiwe kumjaribia.

Hadi atakapohitimu, msimwachie nafasi ya kukosea. Mnapopita sokoni, shuleni au kisimani penye watu, afungwe kamba na ashikwe na mtu mzima.

Yasiyofaa

Msimpige. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, wala haachi kuuma. Kesho ataingiza meno bila kutoa onyo. Vilevile msimcheke wala kumshangilia anapomkimbiza mgeni, kwani leo ni mgeni, kesho ni jirani.

Watoto nao wafundishwe: mbwa akiwajia, wasikimbie wala kupiga kelele. Wasimame wima kama mti, mikono ikiwa imeshuka, wasimtazame machoni. Kisichotembea hakina cha kufukuzwa, na mara nyingi mbwa hunusa na kuondoka.

Mtu akishang'atwa

Osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo tu. Kisha mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini chanjo ikianza mapema na kukamilishwa, huzuia kifo hicho. Zaidi ya vifo 9 katika kila 10 vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu huletwa na mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaoumwa zaidi.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Ikiwezekana kumkamata bila hatari, afungwe peke yake, na afisa wa mifugo aarifiwe ili amchunguze kwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, itajulikana kwamba hakuwa akiambukiza kichaa siku alipouma. Aliyeng'atwa asingoje siku hizo ndipo aanze matibabu. Kumuua mbwa huyo na kumtupa ni kuupoteza ushahidi ambao daktari, familia ya mtoto na mwenye mbwa wote wanauhitaji.

Toeni taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi kilicho karibu. Mwenye mbwa kutoka ng'ambo asikimbie na kundi lake usiku. Akae, aseme mbwa ni wake, na aonyeshe cheti cha chanjo. Mwenye mbwa anayejitokeza siku ya kwanza huzungumza na wazee. Anayetoroka huacha nyuma yake watu wanaomtafuta, na huenda wakampata mtu mwingine wa jamii yake asiye na hatia.

Kwa hiyo, kabla ya kuvuka msimu huu, mpelekeni mbwa kwa afisa wa mifugo achanjwe, mkichukue cheti chake, na mjaribu neno lenu la «acha» pale bomani. Asipolitii bomani, hatalitii kisimani. Basi avuke akiwa kambani.