Dondoo Muhimu: Tomalini Nyeusi Yenye Vazi la Opali

Vipande vinavyosifiwa sana na wakusanyaji hutoka milima ya Erongo, Namibia: fuwele nyeusi za tomalini zilizofunikwa na opali angavu kama kioo, iitwayo hailaiti.

Kabla ya kulipa, omba ukiangalie kipande gizani kwa taa ya urujuanimno, hasa ya mawimbi mafupi. Vaa miwani ya kukinga macho. Opali ya Erongo mara nyingi hung'aa kijani kikali kwa sababu ya urani kidogo iliyomo. Ukiona mstari mweupe wenye ubuluu kwenye maungio, shuku gundi. Fuwele iliyovunjika ikaunganishwa bado inapendeza, lakini bei lazima ishuke, na muuzaji alipaswa kukwambia.

Tomalini ina ugumu wa 7 hadi 7.5 katika kipimo cha Mohs, opali 5.5 hadi 6.5, hivyo vazi ndilo huchubuka kwanza. Safisha kipande kwa brashi laini na maji ya uvuguvugu; mashine za kusafishia kwa mtetemo ziepuke kabisa. Usikianike juani wala kukiweka karibu na taa inayotoa joto: opali ina maji ndani yake, na joto la ghafla huweza kuipasua.

Kibandiko chenye jina la mahali kipande kilipochimbwa usikitupe.