Miundo ya Sentensi za Kiingereza cha Kila Siku na Athari Zake katika Kiswahili cha Wanafunzi

Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari nchini Uganda au Rwanda huanza kujifunza Kiswahili akiwa tayari ana lugha mbili: lugha ya nyumbani na Kiingereza cha darasani. Nchini Uganda, Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Nchini Rwanda kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo, katika nchi zote mbili hisabati na sayansi za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na hicho ndicho mwanafunzi alichozoea kuandikia. Anapopewa insha ya Kiswahili, mara nyingi huunda sentensi kwa Kiingereza kwanza, kisha hubadilisha neno moja baada ya jingine.

Matokeo yake ni sentensi ambayo maneno yake yote ni ya Kiswahili lakini muundo wake si wa Kiswahili. Mwalimu asiyeutambua muundo uliozaa kosa husahihisha neno, na wiki inayofuata hulikuta kosa lile lile katika neno jingine. Katika sura hii tutachunguza miundo mitano ya Kiingereza cha kila siku inayozaa makosa ya aina hii. Tutaonyesha pia kwamba lugha ya nyumbani ya mwanafunzi, ikiwa ya Kibantu, mara nyingi tayari inao muundo unaotakiwa. Sentensi zisizo sahihi zimetangulizwa na alama ya nyota.

1. Kiima, kitenzi na shamirisho

Sentensi ya Kiingereza "I saw the child" ina kiima, kitenzi na shamirisho, na kila kipashio husimama peke yake kama neno. Mwanafunzi huandika:

*Mimi niliona yule mtoto.

Kiswahili huweka nafsi ndani ya kitenzi, na shamirisho likiwa la kiumbe mwenye uhai maalumu, nalo huwakilishwa humo: Nilimwona mtoto. Neno "mimi" huongezwa pale tu msemaji anapotaka kujitofautisha na wengine. Vilevile, neno "yule" halikuhitajika. Limeingia kuchukua nafasi ya "the". Tofauti ambayo Kiingereza huionyesha kwa neno hilo, Kiswahili huweza kuionyesha kwa kiambishi cha shamirisho. Linganisha: Nilisoma kitabu (kitabu chochote) na Nilikisoma kitabu (kile tunachokijua sote).

Hapa lugha ya nyumbani haitusaidii kikamilifu. Mganda husema "Ndabye omwana", yaani nimemwona mtoto, na kwa kawaida haweki kiambishi cha shamirisho ikiwa nomino yenyewe imetajwa baada ya kitenzi. Kwa hiyo kipengele hiki kifundishwe kama jambo jipya na kifanyiwe mazoezi ya kutosha.

2. Kitenzi kimoja cha kuwa

Kiingereza hutumia kitenzi kimoja katika "She is a teacher", "She is in class", "She is hungry" na "She is wearing a gown". Mwanafunzi aliyekariri kwamba "is" ni "ni" huandika:

*Yeye ni darasani.
*Yeye ni njaa.
*Yeye ni anavaa gauni.

Kiswahili kina njia nne kwa kazi hizi nne. Utambulisho huchukua "ni": Yeye ni mwalimu. Mahali huchukua kitenzi kishirikishi cha mahali: Yumo darasani. Hisia ya mwili huchukua "kuwa na": Ana njaa. Hali inayotokana na tendo lililokamilika huchukua kiambishi "-me-": Amevaa gauni.

Njia hii ya nne inastahili kutiliwa mkazo, kwa kuwa hata mwalimu huteleza hapa. "Anavaa gauni" humaanisha kwamba yuko katika tendo la kulivaa. Aliyekwisha kulivaa, "amevaa". Ndivyo ilivyo kwa amelala, amekaa, amesimama na amechoka. Mzungumzaji wa Luganda anaijua kanuni hii bila kufundishwa: humwelezea aliyevaa kanzu kwa kusema "Ayambadde ekkanzu", akitumia umbo la tendo lililokamilika. Mnyarwanda naye hutofautisha "Ni umwarimu" na "Ari mu ishuri", jinsi Kiswahili kinavyotofautisha "ni" na "yumo".

3. Kihusishi baada ya kitenzi

Katika Kiingereza, anayenufaika na tendo hutajwa kwa kihusishi: "Mother cooks food for the children." Mwanafunzi hutafuta neno la kuwekwa mahali pa "for" na kulipata "kwa":

*Mama anapika chakula kwa watoto.

Kiswahili hakihitaji kihusishi hapa. Kitenzi chenyewe hunyambuliwa katika kauli ya kutendea: Mama anawapikia watoto chakula. Kosa hili huenea hadi kwenye vitenzi ambavyo havihitaji hata mnyambuliko. Kwa sababu Kiingereza kina "wait for you", tunasoma *"Nangoja kwa wewe" badala ya "Nakungoja". Kwa sababu kina "to the market", tunasoma *"Tulienda kwa soko" badala ya "Tulienda sokoni".

Mwanafunzi wa Luganda hujua kwamba "okufumba" ni kupika na "okufumbira" ni kumpikia mtu. Wa Kinyarwanda hujua "guteka" na "gutekera". Mwalimu akiandika jozi hizi ubaoni kando ya "pika" na "pikia", kanuni huonekana mara moja.

4. Kitenzi kisichobadilika umbo

Kiingereza husema "The child broke the pot" na pia "The pot broke", kitenzi kikiwa na umbo lile lile. Ndipo tunaposoma:

*Chungu kilivunja.

Msomaji wa Kiswahili atauliza: kilivunja nini? Tendo lisilotaja mtendaji huhitaji kauli ya kutendeka: Chungu kilivunjika. Mtendaji akitajwa, tunatumia kauli ya kutendwa pamoja na "na": Chungu kilivunjwa na mtoto. Kifaa ndicho huchukua "kwa": Chungu kilivunjwa kwa jiwe. Luganda ina "okumenya" na "okumenyeka". Kinyarwanda kina "kumena" na "kumeneka".

5. Neno la kuuliza na neno la kuunganisha

Kiingereza hutanguliza neno la kuuliza: "Where are you going?" Mwanafunzi huandika *"Wapi unakwenda?" ingawa nyumbani husema "Ogenda wa?" au "Urajya he?", neno la kuuliza likiwa mwishoni kama katika "Unakwenda wapi?"

Isitoshe, maneno "who" na "when" huuliza, na pia huunganisha vishazi. Katika Kiswahili kazi hizi ni mbili tofauti. "Nani" na "lini" huuliza. Kinachounganisha ni kirejeshi. Hivyo *"Mtu nani alikuja" ni "Mtu aliyekuja", na *"Lini mvua ilinyesha, tulikimbia" ni "Mvua iliponyesha, tulikimbia."

Tofauti nyingine hujitokeza katika kujibu maswali ya ukanushi. Anayeulizwa "Hukula?" naye hakula, hujibu: "Ndiyo, sikula," akithibitisha kauli ya muulizaji. Kwa Kiingereza jibu lingeanza kwa kukana.

6. Mbinu za kufundishia

Mwalimu anapokutana na kosa, ajiulize kwanza: sentensi hii ingekuwaje kwa Kiingereza? Ikiwa maneno yanafuatana moja kwa moja, chanzo kimepatikana. Kisha amwombe mwanafunzi aseme wazo lile lile kwa lugha ya nyumbani, na darasa litazame kitenzi kilivyojengwa. Mwisho, aunde sentensi nne au tano za Kiswahili zenye muundo huo huo na maneno tofauti.

Tahadhari inahitajika. Kiacholi na Kilango, kwa mfano, si lugha za Kibantu. Mwanafunzi wa kaskazini mwa Uganda asidhaniwe kuwa na ngeli na minyambuliko ya aina hii kichwani. Kwake mifano ya Kiswahili ianze mapema na iwe mingi. Katika darasa la mchanganyiko, mwalimu asiifanye lugha ya kundi moja kuwa ngazi ya wote.

Muhtasari

Makosa mengi yanayoonekana kuwa ya msamiati ni ya muundo. Alama nyekundu juu ya "kwa" humwambia mwanafunzi kwamba amekosea, lakini haimwambii sababu. Akionyeshwa muundo wa Kiingereza aliouhamisha, na muundo wa Kibantu alioulea tangu utotoni, huacha kukiona Kiswahili kuwa lugha ya kigeni yenye mitego.

Maswali

1. Sahihisha, kisha utaje muundo wa Kiingereza uliozaa kila kosa: (a) *Kitabu ni juu ya meza. (b) *Baba alinunua viatu kwa mimi. (c) *Mlango ulifungua.
2. Eleza tofauti ya maana kati ya "Mgonjwa analala" na "Mgonjwa amelala".
3. Chagua vitenzi vitano vya lugha yako ya kwanza. Je, lugha hiyo humtaja anayenufaika na tendo kwa kihusishi au kwa mnyambuliko? Linganisha na Kiswahili.
4. Kusanya insha kumi za wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Yapange makosa kwa miundo mitano ya sura hii, kisha uandae somo moja kuhusu muundo uliojitokeza zaidi.