PO, KO na MO katika Tangazo la Studio

Kwa miaka mingi, mtangazaji wa shindano la televisheni la Marekani liitwalo The Price Is Right alitaja hewani kwamba kipindi kinatoka Television City, Hollywood. Hata hivyo, jengo hilo, lililofunguliwa mwaka 1952, limo katika eneo la Fairfax, Los Angeles, nje ya Hollywood. Linganisha:

(a) Jengo limo Hollywood.
(b) Jengo liko Hollywood.
(c) Jengo lipo hapa Fairfax.
(d) Studio 33 imo Television City.

Katika (a), MO hudai undani. Sarufi ni sahihi, lakini habari si kweli. Katika (b), KO hutaja eneo kwa ujumla bila kubainisha mipaka, hivyo hukaribia zaidi kauli ya mtangazaji. PO katika (c) huonyesha mahali mahususi. Sentensi (d) ni sahihi kwa kuwa studio imezungukwa na jengo.

Zingatia: Majina ya pekee kama Hollywood hayaongezwi kiambishi -ni. Nomino za kawaida huongezwa: studioni, ukumbini. Usiseme “katika studioni”. Sema “katika studio” au “studioni”.

Zoezi
1. Mwaka 2023 shindano hilo lilihamia Haven Studios, mjini Glendale. Tunga tangazo jipya la ufunguzi.
2. Mwanafunzi wako ameandika sentensi (a). Utamweleza vipi kosa lake bila kumwambia kwamba amekosea sarufi?