Dondoo muhimu: Kutoka stashahada hadi shahada ya uhandisi

Kijana wa Muheza ambaye hakupita kidato cha sita bado ana njia ya kuwa mhandisi. Jiandae hivi:

• Linda GPA tangu muhula wa kwanza. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inataka angalau 3.0 ya stashahada (NTA ngazi ya 6), pamoja na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne. Ushindani ni mkali, hivyo lenga juu zaidi.

• Soma fani inayoendana. Stashahada ya ujenzi inakuelekeza kwenye uhandisi wa ujenzi. Ya umeme, kwenye umeme.

• Omba AVN mapema. NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ndiyo inayotoa namba hii ya uhakiki wa stashahada. Usisubiri dirisha la udahili lifunguliwe.

• Tuma maombi vyuo kadhaa. Mbali na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), zipo DIT ya Dar es Salaam na MUST ya Mbeya. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja tu, ndani ya muda.

• Noa hisabati. Shahada ni miaka 4, na wenzako wa kidato cha sita watakuja na kalkulasi mkononi. Ujuzi wako wa karakana nao ni mtaji, utumie.