Soko la Dunia na Mila za Usukuma: Somo kutoka Shinyanga na Geita

Utandawazi ni hali ya watu wa nchi mbalimbali kuunganishwa na biashara, fedha, mawasiliano na ujuzi, hata uamuzi uliofanywa mbali hubadili maisha ya kijiji ambacho mwenye kuamua hajapata kukisikia. Aghalabu husemwa kwamba hali hiyo huua mila za wenyeji. Historia ya Shinyanga na ya ukanda wa dhahabu wa Geita yaonyesha kwamba jambo lenyewe si jepesi hivyo. Ziko mila zilizodhoofika, ziko zilizofufuka, na ziko zilizopotoshwa. Makala haya yanachunguza asili ya tofauti hiyo.

Soko lilivyoingia

Uhusiano wa Usukuma na ulimwengu wa nje si wa jana. Kabla ya ukoloni, Walongo wa upande wa Geita walifua majembe ya chuma yaliyouzwa mbali, na katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walichukua mizigo katika misafara ya kwenda pwani. Chini ya utawala wa Waingereza pamba ikawa zao kuu la biashara. Wakulima hawakukaa kimya mbele ya wanunuzi: mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika viliungana kuwa shirikisho moja la kanda ya Ziwa Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri.

Dhahabu nayo ilifuata njia hiyo. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Zama hizo bei rasmi ilikuwa dola 35 za Marekani kwa aunsi moja, yaani gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja ilikuwa na thamani ya dola moja na senti chache. Mwaka 1971 Marekani iliacha kubadilisha dola kwa dhahabu, na tangu hapo bei ikawa inapanda na kushuka kwa nguvu ya soko. Mwaka 2025 aunsi moja ilipita dola 4,000, yaani zaidi ya dola 128 kwa gramu. Hata ikikumbukwa kwamba dola yenyewe imepungua thamani, ongezeko hilo ni kubwa mno.

Mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Nje ya migodi hiyo mikubwa, wachimbaji wadogo wengi kutoka mikoa mbalimbali hukusanyika kila dhahabu inapoonekana. Katika makambi yao Kiswahili ndicho lugha ya kazi. Kijana ambaye zamani alitegemea ng'ombe wa baba yake ili alipe mahari, sasa aweza kuwanunua kwa fedha ya shimoni. Hivyo, pamoja na kipato chake, hubadilika pia uzito wa neno la mzee mbele yake.

Mila iliyofufuka

Wafugaji wa Usukuma walikuwa na desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti ikue, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali na malisho ya kawaida kwisha. Desturi hiyo ilidhoofika katika karne ya 20. Misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na kuhamishiwa katika vijiji miaka ya 1970 kuliwatenga watu wengi na ngitili zao. Sehemu kubwa ya Shinyanga ikawa kame na tupu.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Fedha zilitoka pia Norway, na utaalamu ulitoka pia katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo-misitu kilichoko Nairobi. Hata hivyo, msingi wa kazi ulikuwa desturi ya wenyeji. Visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini ilichipua yenyewe mara eneo lilipofungwa. Sheria ndogo za vijiji, pamoja na mkutano wa jadi uitwao dagashida, ziliwaadhibu waliochunga ndani ya eneo lililofungwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto.

Mila iliyopotoshwa

Dhahabu ya ukanda huu imo katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji ya moto yaliyopita katika nyufa za miamba hiyo yaliiacha humo, lakini si kwa usawa. Mashimo mawili yaliyo jirani yaweza kutofautiana kabisa: moja likamtajirisha mwenyewe, la pili likamfilisi. Mtu asiyejua sababu hiyo huiita bahati, na mwenye kutafuta bahati hupata wauzaji wake.

Uganga wa mitishamba ni mila ya kale ya Usukuma, yenye ujuzi wa kuheshimika. Lakini kuanzia mwaka 2007 makumi ya watu wenye ualbino waliuawa nchini, wengi wao katika Kanda ya Ziwa, ili viungo vyao vifanywe dawa ya utajiri. Watafiti Bryceson, Jønsson na Sherrington, katika makala yao ya mwaka 2010, walihusisha mauaji hayo na biashara ya dawa za bahati iliyokua pamoja na uchimbaji wa dhahabu. Yafaa kila mwanafunzi aelewe kwamba ualbino ni hali ya kurithi: mtoto hupokea jeni husika kutoka kwa baba na kwa mama, na mwili wake hutengeneza rangi kidogo mno, au usitengeneze kabisa. Hali hiyo haina uhusiano wowote na dhahabu.

Sababu ya tofauti

Ngitili na dawa za bahati zote hudai asili ya jadi, na zote zimeguswa na dunia ya nje. Tofauti ni hii: ngitili huamuliwa hadharani, mipaka yake hujulikana, na mvunjaji huulizwa mbele ya wenzake. Dawa ya bahati huuzwa kwa siri kati ya mtu na mtu, na hakuna mkutano unaoipima. Mila inayosimamiwa na jamii nzima yaweza kupokea fedha na ujuzi wa kigeni bila kupotea; iliyogeuzwa bidhaa ya siri hufuata matakwa ya mnunuzi.

Hatari ingalipo. Mashimo ya wachimbaji wadogo huegemezwa kwa magogo, yaitwayo matimba, na bei ya dhahabu ikipanda, thamani ya mti uliosimama karibu na machimbo hupanda pia. Hapo kijiji hakina budi kukaa na kuamua: ni miti mingapi ikatwe, na nani aulizwe.

Maswali

1. Kwa kutumia bei zilizotajwa, kokotoa thamani ya gramu 5 za dhahabu mwaka 1966 na mwaka 2025.
2. Kwa nini ngitili iliweza kurudisha miti bila kupanda miche mingi?
3. Taja mila moja ya mahali unapoishi ambayo imebadilishwa na biashara. Nani huisimamia sasa?